Mabingobingo ya Mzee Jeram

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu ya mdomo wangu. Kiangazi kilikuwa kimemkondesha ng'ombe wa Mzee Kibwana, hapo kwetu Morogoro, nami siku ya kumposa binti yake Mwajuma nikatamka mbele ya wazee kwamba nayajua majani yasiyokauka upesi, mabingobingo, na nitayaleta.

"Yalete tuone," akasema. "Asiyeweza kumlisha ng'ombe wangu simpi binti."

Mimi ni seremala. Majani niliyokuwa nayajua ni ya chai.

Saa tisa alasiri treni ikanishusha Dar. Nikakatiza Mnazi Mmoja kwa suti na tai, jasho likinitiririka, nikaingia Kariakoo kwa shangazi yangu, Bi Tatu. Nikamweleza shida yangu, naye akanitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, umekuja kukata majani au kuoa?"

"Vyote, shangazi."

Asubuhi akanipeleka kwa jirani yake Mzee Jeram, Mhindu muuza vitambaa aliyefuga ng'ombe uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya majani unayajua?"

"Nayajua sana!"

Shina moja lilikuwa limetoa mabua chungu nzima, yamepita paa la bati, yana pingili kama muwa. Majani yake yana vinyweleo, na kingo zake zilinichana mkono kabla sijamaliza kujisifu. Juu kabisa maua yamesimama kama brashi ya kuoshea chupa. Mzee akaeleza kwamba ukiyakata huchipua tena, mwaka hadi mwaka, lakini mbegu zake si za kutegemea, hupandwa pingili.

"Sasa, kwenye kila kifundo..."

"Najua, mzee, najua!" nikamkatiza.

Akachukua panga. Akanikatia mabua kumi na mawili, yote yaliyokuwa yamekomaa.

Adhuhuri nikaketi nayo barazani kwa shangazi. Yananiwasha, na kila kifundo kimeota kitu kama chunusi. Fundi mzima nipande treni na mabua yenye chunusi? Nikatoa kisu na msasa. Kufika alasiri yote yalikuwa laini kama mpini wa jembe. Wapita njia wakanisifu, nami, mjinga wa Mungu, nikawa nasimama kuwaonyesha.

Jioni Mzee Jeram akapita akitoka dukani. Akashika bua moja, akaligeuza, akaketi.

"Umeyatoa macho yote. Chipukizi hutokea hapo. Sasa hizi ni fimbo, kijana."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamwona Mwajuma akiolewa na mwingine, fundi cherehani labda.

"Mzee, mimi sijui chochote. Naomba unifundishe."

"Mabua yaliyokomaa yamekwisha," akasema. "Lakini shina lipo."

Akachukua jembe, akamega kipande cha shina na mizizi yake, akakifunga kwenye gunia lililoloweshwa. Safari hii nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Njia nzima ya kurudi nilikipakata kwenye treni. Suti ikawa rangi ya tope.

Ukweni, Mzee Kibwana akatazama gunia, akatazama suti.

"Haya hupandwaje?"

"Sijui vizuri, baba. Nimefundishwa juzi tu. Nikikosea uniambie."

Akacheka mpaka akakohoa. "Afadhali wewe. Watatu waliokutangulia kuposa, wote walikuwa wanajua."

Leo mabingobingo yamepita paa la zizi, na ng'ombe ana ndama. Nilichojifunza Dar ni kumwacha mtu amalize maneno yake. Mwajuma haamini hata hilo: majani anakata mwenyewe, mimi nabeba, na kisu ananificha.