Aliyeandikishwa Jumatatu

Nilikwenda ofisi ya zoni kuomba vyeti vya kuzaliwa vya wanangu wawili, maana shule ilivitaka. Cha tatu sikumwambia mtu. Nilitaka karatasi ya binti yangu wa kwanza, aliyeishi siku tano, miaka kumi na moja iliyopita. Sina hata picha yake. Nilitaka tu pawe na karatasi moja yenye muhuri, inayosema alizaliwa.

Jina pia hakupewa. Ukweni kwangu mtoto hatajwi jina mpaka siku ya sita, anapotolewa nje, watu wamekaa, vinywaji vimeletwa, ndipo baba amwite. Mimi jina lake nilikuwa nalo tangu mimba ya miezi saba. Siku ya nne, homa imempanda, nilimsihi mume wangu tumwite jina, basi. Akasema tungoje, mama yake atakasirika. Kesho yake tulimzika hajaitwa kitu, na Jumatatu bwana akavaa shati lake akaenda kazini. Sikuwahi kumwona akimlilia. Kinyongo hicho nilimwekea mpaka nikamzika na yeye, mwaka juzi.

Karani alikuwa mzee wa miwani, rejista zake zimefungwa kwa kamba ya katani.

"Jina ya huyu wa tatu, mama?"

"Apana na jina, shefu. Alikufa mbele ya kupewa."

"Sasa mi nitatafuta nani?"

Nusura nimtukane. Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana liliniuma.

"Tafuta kwa jina ya baba yake," nikasema. Kwetu kila mtoto ana jina lake peke yake, halifuati la baba, lakini baba huandikwa pembeni.

Akaanza kushuka na kidole, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka yoyote. Nilijua hatapata kitu. Mtu aliyemwogopa mama yake kiasi kile angepanga foleni kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kuzikwa?

"Ni huyu hapa," karani akasema. "Bwana alikuja yeye mwenyewe. Aliandikisha kuzaliwa na kufa kwa pamoja. Ilikuwa Jumatatu." Akavua miwani. "Lakini mama, jina iko."

Akanigeuzia rejista. Chini palikuwa na saini ya mume wangu, ile yake ya majivuno, yenye mkia mrefu. Juu yake palikuwa na jina. Halikuwa langu. Lilikuwa jina ambalo halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu, na yeye alikuwa nalo muda wote, kama mimi nilivyokuwa na langu. Tulilala kitanda kimoja miaka tisa baada ya hapo, kila mmoja na jina lake la mtoto yule yule, hakuna aliyefungua mdomo.

Karani akaandika cheti, akanisogezea. Kabla ya kugonga muhuri huwa anamtaka mtu asome kwa sauti, kosa lisije likatoka na karatasi.

"Soma, mama. Ni yeye?"

Nikasoma. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza binti yangu kuitwa jina, na baba yake hakuwepo kulisikia.