Mister Kahama Wawili

Sisi tuliokulia Kahama kabla simu hazijajaa mikononi tunakumbuka wakati mji ulipokuwa na Mister Kahama wawili kwa mpigo. Mmoja alikuwa mjomba wangu Masanja, aliyeishi nasi na kufanya kazi ya kuponda mawe ya dhahabu. Wa pili alikuwa rafiki yake Rashidi, fundi baiskeli. Watunisha misuli walikuwa na vyama viwili visivyosalimiana, na kila chama kilikuwa na waamuzi wake na bingwa wake.

Jimu ya mjomba ilikuwa uani kwetu: bomba la chuma na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Sisi watoto tulikaa juu ya matofali tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, huku tukimhesabia kwa sauti. Tukiona hajachoka, tulirudisha hesabu nyuma ili aendelee kunyanyua.

Mwishowe vyama vikakubaliana kufanya shindano moja. Bibi aliposikia kwamba mwanawe atapanda jukwaani na chupi, alisusa chakula cha mchana.

"Masanja, Jumapili utampaje padri mkono?"

"Mayu, hii ni michezo," mjomba alimjibu mama yake.

"Michezo ina kaptula."

Siku yenyewe tulibanana ukumbini, Bibi akiwa amejifunika kitenge hadi machoni. Rashidi alifika bila mafuta. Chupa yake ilikuwa imepasuka njiani. Viongozi wa chama chetu walifurahi, maana misuli isiyong'aa haionekani vizuri kwenye taa. Mjomba akachukua mafuta yake ya alizeti, akaanza kumpaka mwenzake mgongoni.

"Unampa ushindi," kiongozi mmoja akamfokea.

"Nikimshinda akiwa mkavu, mji utaendelea kubishana," mjomba akasema.

Rashidi akashinda. Sisi watoto tulilia, lakini mjomba alimwinua Rashidi mkono, na Bibi, kitenge kikiwa kimeshuka mabegani, akapiga vigelegele kuliko wote. Baada ya hapo vyama vikaungana, mjomba akachaguliwa kuwa mwamuzi.

Siku hizi jimu zina vioo na feni, na vijana hujipiga picha kabla hata ya kugusa chuma. Misuli wanayo, siwanyimi sifa. Ila bingwa akipatikana, habari inanifikia kwenye simu nikiwa peke yangu jikoni. Enzi zetu tulirudi nyumbani mtaa mzima kwa miguu, vumbi hadi magotini, tukibishana kuhusu vifua na mapaja mpaka kila mmoja alipofika mlangoni kwake.