Kidole Juu ya Mstari

Nyumbani kwetu Berea, mtaa wa Durban, hakuna aliyekunywa chai kabla Mungu hajasema. Mume wangu alichukua Biblia, akafumba macho, akaifungua popote na kushusha kidole. Mstari uliokutana na kidole ndio uliokuwa neno la siku, na neno la siku lilitekelezwa. Likimwambia asamehe, alikwenda kumsalimia mtu aliyemdhulumu. Likimwambia afunge, hata mimi nilishinda na njaa. Kisha kitabu kilifungwa. Kuendelea kusoma kulihesabiwa kuwa ni kumpima Mungu, kama mtoto aliyekwisha kujibiwa na mzazi wake halafu anauliza tena.

Mimi nililelewa vingine. Baba yangu kule Bukavu alikuwa katekista, na alitusomea sura nzima, mwanzo mpaka mwisho, hata zile za majina matupu zilizotutia usingizi. Lakini ndoa ni ndoa, na kitabu kilikuwa cha mume wangu. Mama mmoja wa Kirundi, msusi aliyepanga upande wa pili wa pazia, ndiye aliyethubutu kumtania kwamba anamchezesha Mungu bahati nasibu. Mume wangu alicheka, akamwambia kwamba kidole hicho ndicho kilichotutoa Kongo tukiwa wazima. Na ilikuwa kweli. Asubuhi tuliyokimbia, kidole kiliangukia pale Lutu anapoambiwa atoke mjini.

Mwaka ule wa tisini na nane alikuwa analinda magari kwenye maegesho ya huko chini mjini. Alivaa kizibao cha rangi ya chungwa na kuwaelekeza madereva pa kuegesha. Wiki moja walimjia wanaume wawili waliotaka sehemu ile. Hawakumtukana. Mmoja alimpa sigara, akamwita kaka, akamwambia kwamba Jumamosi asije. Mume wangu alinisimulia hayo huku akivua viatu, kama mtu anayeeleza kuwa kesho kutanyesha. Mimi niliingiwa na baridi. Mtu anayekutukana huenda anajifurahisha tu. Anayekuchagulia siku amekwisha kukaa na wenzake wakapanga.

Ijumaa nilimwona mtu kwenye zile taa za barabarani ambazo Durban nzima huziita robot, ng'ambo ya jengo letu. Taa zilimruhusu, zikamzuia, zikamruhusu tena, naye havuki. Aliponiona dirishani alinipungia mkono. Jioni nilimweleza mume wangu alivyokuwa, naye akasema ndiye yule wa sigara. Akasema pia kwamba tungoje neno.

Jumamosi iliamka na mvua. Alikaa kitandani, akafumba macho, nami nikaomba moyoni kidole kiangukie popote penye kukimbia. Kiliangukia kitabu cha Kutoka. Waisraeli wana bahari mbele na jeshi la Farao nyuma, na Musa anawaambia wasiogope, wasimame tu wauone wokovu. Uso wa mume wangu ukatulia. Wangu uliwaka moto. Nilimwambia kwamba Musa hakuwa akilinda magari, kwamba twende tukajifiche kwa wenzetu wa Kongo kule Chatsworth, kwamba sitaki kuwa mjane katika nchi ambayo sijui hata kuagiza jeneza kwa lugha yao.

"Mama, neno iko wazi," alisema. "Imesema nisimame. Nikikimbia leo, nitakuwa namwambia Mungu ni muongo."

Alifunga kitabu, akakiweka juu ya kabati, akavaa kizibao, akaenda. Chai yake alikunywa nusu tu.

Hasira ndiyo iliyonipandisha juu ya kiti. Niliishusha ile Biblia, nikatafuta ukurasa, nikasoma kwenda mbele kama baba alivyotuzoeza. Haikuwa mbali, ilikuwa hapo chini tu, kidole kingeteleza kidogo kingegusa. Bwana mwenyewe anamuuliza Musa kwa nini anamlilia, anamwagiza awaambie watu waondoke. Aliyesema wasimame alikuwa Musa. Mungu alisema waende.

Nilishuka ngazi bila viatu, kitabu nimekibana kifuani. Yule mama wa Kirundi alinifuata akiniuliza kuna nini. Nilikimbia mteremko wote wa Berea, nimelowa, nikiirudia ile sentensi mdomoni ili nikifika nisiikosee.

Kwenye maegesho kizibao cha rangi ya chungwa kilikuwepo. Mkono ulikuwa unaelekeza gari lirudi nyuma, taratibu, kwa ustadi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha aliyekivaa akageuka, na alikuwa mwanaume wa sigara. Alinipungia mkono vilevile.

Mume wangu tulimpata, mimi na yule mama wa Kirundi, nyuma ya maghala ya jirani, hai. Mbavu zilipona. Macho hayakupona.

Sasa mimi ndiye ninayesoma asubuhi, sura nzima, na chai tunakunywa ikiwa imepoa. Yeye husikiliza amekunja mikono, kile kidole amekificha kwapani. Hajawahi kuniuliza kilichoandikwa baada ya mstari ule, nami sijawahi kumwambia. Lakini nikinyamaza, hata ikiwa ni kumeza mate tu, anashtuka na kugeuza uso kunitafuta.

"Usiishie hapo, mama," anasema. "Mbele iko nini?"