Betri za Baridi

Mzee Sedekia alininyang'anya usukani bila hata kuinua sauti. Nalisema mapema ili mtu asidhani namsifu kwa kuwa tulikuwa marafiki. Hatukuwa marafiki. Mimi, Budeba, nilikuwa dereva wa gari-nyumba la zahanati; yeye alikuwa fundi betri pale Mwanjelwa, mjini Mbeya. Kwa mwaka mzima na zaidi, jina lake likitajwa mbele yangu nilitema mate.

Gari-nyumba lenyewe lilikuwa lori lililojengewa chumba mgongoni. Ndani vitanda viwili, meza ya kuzalishia, kabati la dawa, na dirisha moja dogo ambalo aliyelitoboa hakuwahi kufika kwenye joto la bonde la Usangu. Kila mwezi mimi na muuguzi, Sista Juliana, tulishuka nalo bondeni wiki mbili, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Mimi ni Msukuma kama wao, kwa hiyo nilikuwa dereva, mkalimani, na mbeba maji nisiposema hapana. Mwezi wa kumi chumba kile kilikuwa tanuri. Mwaka 1974 mama mmoja alizimia mezani kabla mtoto hajatoka. Sista Juliana akarudi Mbeya, akaiambia ofisi kwamba hashuki tena mpaka chumba kipozwe.

Ndipo tukapelekwa kwa Mzee Sedekia. Alikuwa mtu mfupi, Msafwa wa milimani, ndani ya koti zito la sufu mwaka mzima. Kifuani lilikuwa na matundu kana kwamba panya wamelila, kumbe ni tindikali ya betri, ile ambayo sisi tunaiita maji makali. Sifa yake ilijengwa na asubuhi za mwezi wa sita. Malori ya watu wengine yakisukumwa na wanaume kumi wenye mablanketi, lori lenye betri ya Sedekia liliwaka kwa mguso mmoja. Siri ilikuwa ndogo tu: alizidisha maji makali kuliko mafundi wenzake. Akitumbukiza kipimo chake cha kioo, boya la ndani lilipanda juu kabisa, naye akacheka peke yake.

Alituongezea betri mbili za kuhudumia chumba, na swichi ya kuzitenga na ile ya injini, ili feni ya kupoza isije ikamaliza umeme wa injini na kutuacha porini. Halafu akachonga sanduku la mbao lenye kuta za wavu na mkaa katikati. Juu akafunga debe linalodondosha maji polepole. Nyuma akaweka feni aliyoing'oa kwenye lori bovu, ambayo kazi yake ya zamani ilikuwa kumpasha joto dereva. Upepo ulipita kwenye mkaa ulioloa, ukatoka wa baridi. Siku ya kwanza tulipoiwasha kule bondeni, wanawake waliopimiwa watoto wao walikataa kutoka. Bibi mmoja, ambaye hakuwa na mtoto wala mgonjwa, alikaa mpaka jioni akidai mgongo wake haujatazamwa.

Miezi mitatu tu, betri zikafa. Mzee Sedekia akazifungua, akakuta mabamba ya ndani yamelika na kuwa matope meusi. Tukapewa nyingine, na wakati ule kupata betri kulikuwa kazi ya kuzunguka ofisi hadi ofisi. Nazo zikafa. Wakubwa wakamwita Mzee Sedekia, akajibu taratibu huku akitazama mikono yake.

"Betri yangu haifagi hivi. Huyu dereva hatii maji."

Nilikuwa natia maji! Kila asubuhi, kabla sijagusa chai, nilifungua kifuniko kimoja baada ya kingine, nikiongeza maji safi. Sista Juliana alinitetea mpaka sauti ikamkauka, lakini karani alikuwa amekwisha piga taipu maelezo ya mzee, na mzee amekwisha tia dole gumba. Neno alilopiga karani lilikuwa uzembe. Miaka ile neno hilo likiingia kwenye faili lako, umekwisha. Nikahamishiwa karakana ya Iringa, kuosha magari ambayo wengine waliyaendesha. Binti yangu aliandika shuleni kwamba baba yake ni dereva. Nililiona daftari, nikalifunga, sikumsahihisha.

Nilichoka. Mwili ulikuwa mzima, tena kuosha magari si kazi ya kuua mtu. Nilichoka kueleza. Mwanzoni nilimweleza kila aliyeniuliza, baadaye nikawa naitikia tu kwamba ndiyo, mimi ndiye yule wa betri.

Yaliyotokea Usangu baada ya hapo alinisimulia Sista Juliana. Dereva mpya alipopewa betri mpya, Sista mwenyewe alisimama kila asubuhi akamwangalia akitia maji. Betri zikafa vilevile. Alipopata nyingine, akaenda Mwanjelwa na gari-nyumba, akangoja mzee azijaze, kisha akafungua mlango mbele ya kibanda chake.

"Mzee, panda."

"Mimi? Huko kwenye joto?"

"Panda."

Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, na hakuwahi kushuka bonde lile. Walifika mchana. Akavua koti, na Sista Juliana anasema alikuwa mwembamba kiasi cha kumtia huruma. Akafungua sanduku la betri, pembeni ya injini alipoliweka mwenyewe, akagusa betri kwa kiganja na kukitoa haraka. Akakirudisha, akakiacha hapo. Kisha akakaa chini, akaegemea tairi mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

"Nimezipikia baridi," akasema mwishowe. "Zote hizi nimezipikia baridi."

Maji makali kiasi kile yanafaa mahali penye sakitu, ule umande ulioganda, alfajiri. Kwenye joto hayalali, yanatafuna mabamba usiku na mchana. Kwa miaka ishirini na mbili alichanganya vilevile, kwa magari yaliyolala Mbeya, na hakuna aliyewahi kumrudishia lawama. Siku ileile alipunguza ukali kwa maji safi mpaka boya likashuka, akahamishia betri nyuma, chini ya sakafu, unakopita upepo. Hizo zilidumu.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nikiwa naosha Landrova pale Iringa, nililiona koti langoni. Niliendelea kuosha.

"Dereva," akaniita.

"Mimi si dereva."

"Hilo ndilo lililonileta."

Tukaingia kwa mkuu wa karakana. Mzee akaeleza yote akiwa amesimama. Mkuu akamsikiliza vizuri, kisha akasema, "Tumekuelewa, mzee. Lakini kilichomtoa huyu ni karatasi, na cha kumrudisha ni karatasi."

Mzee akanigeukia. "Andika, nikutajie."

Nikashika kalamu. Mkuu akaivuta karatasi. "Mwandiko wake mwenyewe? Hapana. Karani anarudi Jumatatu, atakuandikia."

"Ile ya kwanza aliandika karani," mzee akasema. "Sikujua ameweka neno gani. Lete hapa."

Alikuwa akitoroka kisomo cha watu wazima kila alipopata mwanya, kila mtu Mwanjelwa alilijua hilo. Akakaa kwenye benchi la dirishani kwa muda wa saa tatu, vidole vilivyoungua kwa maji makali havinyooki, kalamu ameikamata kwa ngumi. Mimi nikarudi nje. Landrova ile niliiosha mara mbili.

Alimaliza saa sita. Mkuu akanionyesha kabla ya kugonga muhuri, herufi kubwa zilizopanda na kushuka:

BETLI NIMEUWA MIMI. DELEVA ALITIA MAJI. SEDEKIA.

Nilirudi kwenye usukani mwezi wa nane. Lakini siku ile nilimsindikiza tu mpaka stendi. Nilitaka kuendelea kumchukia, sikuwa na nguvu hiyo. Basi la Mbeya lilikuwa limesimama, ubavu wote vumbi.

"Lile neno la karani," akasema, "linaandikwaje?"

"Uzembe?"

"Hilo."

Nikaliandika kwa kidole kwenye vumbi la basi. Akalisoma herufi moja moja, midomo ikicheza, mpaka akafika mwisho. Kisha akakamata mkono wa koti lake, akalifuta lile neno.