Saa Mbili ya Kinshasa

Wewe unayenisikiliza, kama una ndugu upande wa pili wa nchi, sogea nikueleze hesabu moja. Ni rahisi, lakini mimi mwenyewe, mwalimu wa jiografia huku Butembo, niliikosea.

Baba alikuwa amepeleka maharage Kinshasa vita vilipokata nchi vipande. Alikwama huko karibu miaka mitano. Ndege za kule zilipoanza tena kutua Mavivi, uwanja wa upande wetu, alituita kwenye foni, ile redio tuliyopangia foleni ili kuongea na watu wa mbali. Sauti yake ilikuwa inakwaruza: "Kesho tunatoka saa mbili ya asubuhi. Ndege inafanya masaa matatu."

Mbili na tatu ni tano. Sote tulihesabu hivyo.

Tuliondoka Butembo alfajiri kwa kamyoneti ya kukodi, mimi na shangazi, dada yake baba. Saa tano tulikuwa tumesimama kando ya uwanja. Saa tano na nusu mbingu ilikuwa bado tupu. Miaka ile, ndege isipotokea, watu hawakusema imechelewa, walisema imeanguka. Shangazi akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni, akaanza kulia kilio cha matanga.

Shofere akawasha mashini. "Mwalimu, twende. Barieri ya askari barabarani inafungwa saa kumi. Na ndege haina barieri ya kuikawiza. Kama ilitoka saa mbili, iko wapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na hapo ndipo nikaliona kosa.

"Saa mbili ya nani?" nikamuuliza.

Shangazi akakatiza kilio. "Ati saa nayo iko na kwabo?"

"Ndiyo, tantine. Iko na kwabo, kama mtu na kwao."

Nikachuchumaa, nikachora nchi yetu vumbini: Kinshasa mwisho wa magharibi, sisi mwisho wa mashariki. Katikati ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita, hata kwa ndege inayokwenda bila kukunja kona. Jua linatufikia sisi kwanza. Kwetu ikiwa saa tatu, wao bado wako saa mbili. Baba alihesabu kwa saa ya kule.

"Kwa hiyo anafika saa sita," nikasema. "Zima mashini."

"Na asipofika?" shofere akauliza.

"Utanicheka mpaka Butembo."

Alizima. Nilisimama pale na mgongo umenyooka. Dakika chache baada ya saa sita tukasikia mlio, kisha tukaiona, ikishuka juu ya migomba.

Baba aliteremka amekonda. Alimtazama dada yake usoni, akaona macho mekundu.

"Mulikuwa munanililia?"

"Nilianza," shangazi akajibu, akinielekeza kidole. "Huyu mwalimu wako akanikataza."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Akavua saa mkononi, akanipa. "Basi iweke ya kwetu."

Nimepewa vyeti vingi tangu siku ile, lakini hakuna kilichonifanya nijivunie kazi yangu kama kuusogeza mshale wa saa ya baba mbele saa moja.

Kwa hiyo, mtu akikuambia anapanda ndege Kinshasa kuja huku, muulize kwanza anahesabu saa ya wapi. Kama ni ya kule, ongeza saa moja, kisha ongeza muda wa kuruka, ndipo uende kumpokea.