Beji Aliyokwenda Nayo Mama

Beji moja, isiyozidi upana wa kiganja, ilinigharimu shilingi elfu moja na mia nne. Nimehesabu mara mbili. Fundi wa mjini angeishona kwa mia tatu, ila alisema nije wiki ijayo, na mama tulikuwa tunamzika Ijumaa, Subukia.

Katika chama chao cha akina mama wa kanisa la Bondeni, mwanachama huzikwa na sare yake, beji ikiwa kifuani. Ya mama ilikuwa imechakaa hata msalaba hauonekani. Na mama alikuwa mtu wa kugeuza nguo ndani nje kabla ya kununua, aone mgongo wa mshono. Sikutaka alale na kazi chafu.

Mashine yangu ya kudarizi ni ya nyumbani, tena ya mtumba. Karatasi ya kutegemeza kitambaa niliiona ghali, nikatumia ya pakiti ya unga. Sindano iliitoboatoboa ikachanika, kitambaa kikajikunja, ukingo ukaenda kivyake na msalaba kivyake.

Nikarudi kwa kijana aliyeniuzia nyuzi.

“Ya unga? Mathe, tunashona ama tunapika ugali?” Halafu akanieleza bila mzaha. “Weka karatasi mbili za kutegemeza. Kaza fremu mpaka kitambaa kilie kama ngoma. Sindano mpya, mwendo wa polepole. Na usikate mwanzoni. Shona kwanza mstari wa umbo, kata kitambaa pembeni yake kikiwa bado kwenye fremu, ndio umalizie ukingo mnene.”

“Sawa, boss. Sasa niambie bei ya ukweli.”

“Kwani beji ni ya nani?”

“Ya mamangu. Anaenda nayo.”

Akapunguza bei nusu. Nikamwomba aongeze sindano moja. Mama hangenisamehe kukubali bei ya kwanza, eti kwa sababu ya kilio.

Ijumaa, jeneza lilipofunguliwa, mwenyekiti wa chama aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa beji.

“Imeshika,” akawaambia wenzake. Wakaanza kuimba.

Ile ya karatasi ya unga sikuitupa. Chama kimenipa nafasi ya mama, nami nimeishona kwenye sare yangu. Kila nikifua inatoa nyuzi. Nilijaribu kuzichoma ncha kwa mshumaa, pakabaki weusi. Mwenye kujua namna ya kuushika ukingo kama huo bila kuifumua beji yenyewe, tafadhali anieleze.