Jina Chini ya Jina

Wazanzibari wa Jeddah husamehe bwana harusi mfupi, husamehe hata biriani kavu, lakini kadi ya harusi isiyoparuza ncha ya kidole hawaisamehe ng'o. Lazima herufi zisimame. Ndiyo maana Ghalib, mtu wa miaka hamsini na sita, bado ana kazi: huchonga majina kinyumenyume, kwa herufi za Kiarabu, kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akalikandamiza juu ya karatasi nzito.

Juzi Bi Badriya alitoka Riyadh kufuata kadi za bintiye. Aliinua moja, akakunja uso.

"Ghalib! Mwanangu anaitwa Thuwaiba. Huyu mwengine nani?"

Chini ya jina la biharusi, hafifu kama pumzi kwenye kioo, palisomeka: Amal.

Ghalib alijua. Shaba mpya ilikuwa imekwama bandarini, akatoa kabatini bamba la kadi ya ndoa yake mwenyewe. Bamba kuukuu hukwanguliwa, kisha likagongwa kwa nyuma mpaka mashimo ya herufi yajae. Kukwangua alikwangua. Nyundo ndiyo iliyomshinda: kila akiinyanyua, aliona kama anampiga mtu mgongoni.

"Marehemu mke wangu," alisema.

Bi Badriya aliirudisha kadi mezani.

"Mungu amrehemu. Lakini mie naalika watu harusini, baba, si hitmani. Nani atakuja akiona jina la maiti limemlalia mwanangu? Ligonge. Au nipe pesa zangu niende kwa wenye kompyuta."

"Likigongwa halirudi, Bi Badriya."

"Najua." Akavuta kiti, akakaa.

Ghalib aligeuza bamba. Akagonga lam. Akagonga mim. Alif akaiacha. Ilikuwa imepinda, Amal ndiye aliyeichonga, siku alipomnyang'anya kalamu ya chuma na kusema kazi gani hii ya kuringia. Miaka tisa amekufa, na mkono wake ulikuwa bado umo humo.

"Imebaki moja," alisema Bi Badriya, taratibu.

Akaigonga.

Alimchonga Thuwaiba upya, na alasiri kadi ya kwanza ikatoka.

"Halas. Safi," alisema Bi Badriya.

Ghalib aliichukua, akaiinamisha huku, akaiinamisha kule, akaisogeza karibu na taa. Akaipapasa kwa kidole chini ya jina la biharusi. Akaipapasa tena.

"Niachie, baba," alisema Bi Badriya. "Unaikunja."